Mkono, Gari na Buli: Wanafunzi wa Utah Walioifundisha Kompyuta Kuchora

Mwaka 1972, katika Chuo Kikuu cha Utah jijini Salt Lake City, mwanafunzi wa uzamivu aitwaye Ed Catmull aliutumbukiza mkono wake wa kushoto katika jasi mbichi, akasubiri ikauke. Alikuwa amesahau kuupaka mafuta kwanza. Ilipofika wakati wa kuuchomoa, vinyweleo vya mgongo wa mkono vilinyofoka kimoja kimoja. Alijikaza, akamimina jasi nyingine ndani ya kile kitundu chenye umbo la mkono, na ilipokauka akawa na mkono wa pili mweupe mezani. Akauchora wote mistari mpaka ukagawanyika katika pembetatu na poligoni ndogondogo 350. Kila kona ya kila kipande aliipima, na vipimo hivyo akaviingiza kwenye kompyuta vikiwa namba tupu.

Filamu fupi iliyozaliwa na kazi hiyo, A Computer Animated Hand, aliifanya pamoja na mwanafunzi mwenzake Fred Parke. Mkono unageuka, unakunja na kukunjua vidole, kisha kidole kimoja kinamnyooshea mtazamaji. Halafu linatokea jambo ambalo hakuna mpiga picha wa wakati ule angeliweza: kamera inaingia ndani ya mkono wenyewe na vidole vinaonekana kwa upande wa ndani, vitupu kama glavu. Catmull hakulazimika kufanya hivyo ili apate alama zake. Somo lilitaka athibitishe kwamba umbo la mviringo linaweza kuhesabiwa na kusogezwa. Kuingia ndani kulikuwa uamuzi wa msanii aliyegundua kwamba chombo kipya kinaweza kumfikisha mahali ambapo chombo cha zamani kilikomea mlangoni.

Historia ya sanaa ya kidijitali husimuliwa mara nyingi kama historia ya mashine: kompyuta ya mwaka fulani, skrini ya mwaka mwingine. Masimulizi hayo huwaacha nje watu walioketi mbele ya mashine, na hasa swali walilokabiliana nalo kila siku: nichore nini? Pale Utah, kati ya mwishoni mwa miaka ya 1960 na katikati ya miaka ya 1970, walioulizana swali hilo walikuwa wanafunzi, na majibu yao yamo hadi leo ndani ya kila katuni na kila mchezo wa kompyuta.

Mambo yalianza na David Evans, mzaliwa wa Salt Lake City, aliyerudi nyumbani kutoka Berkeley mwaka 1965 kuanzisha idara ya sayansi ya kompyuta. Fedha zilitoka ARPA, wakala wa utafiti wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Ilikuwa enzi ya Vita Baridi, na jeshi lilikuwa tayari kulipia utafiti wa aina nyingi hata pale faida yake ilipokuwa bado haionekani. Mwaka 1968 Evans alimvuta Ivan Sutherland, ambaye naye alipata umaarufu akiwa mwanafunzi: tasnifu yake ya mwaka 1963 huko MIT, Sketchpad, ilimwezesha mtu kuchora moja kwa moja juu ya skrini kwa kalamu ya mwanga. Kwa hiyo mwalimu mkuu wa fani hii alifika Utah akijua vizuri kazi ya mwanafunzi mmoja inaweza kufika wapi.

Tatizo lililowakabili lilikuwa moja lenye sura nyingi. Kompyuta ilijua mstari ulionyooka. Ukiipa pembe nane, ilichora sanduku. Ukiipa shavu la binadamu, ilitoa kitu kilichojaa kingo kama jiwe lililochongwa kwa haraka. Kabla hata ya kufika kwenye shavu, mashine ilitakiwa ijue kipande kipi kiko mbele na kipi kimejificha nyuma. John Warnock, aliyehitimu mwaka 1969, alilitatua hilo kwa kuigawa skrini robo kwa robo, na kila robo kuigawa tena, hadi kila sehemu ibaki na jambo dogo ambalo mashine inaweza kuliamua. Warnock huyo ndiye baadaye, mwaka 1982, alianzisha kampuni ya Adobe pamoja na Charles Geschke.

Mfaransa Henri Gouraud alichagua uso. Alihitaji kitu ambacho kila mtazamaji angejua mara moja kama kimekosewa, na hakuna umbo ambalo jicho la mwanadamu hulikagua kwa ukali kuliko uso wa mwenzake. Mkewe, Sylvie, alikubali kuchorwa mistari usoni, kuanzia kwenye paji la uso hadi kidevuni, kisha akapigwa picha ili kila makutano ya mistari yapimwe. Katika picha za mwanzo, kila poligoni ina rangi moja bapa, na uso unaonekana kama barakoa ya mbao. Gouraud akapata wazo la kukokotoa mwanga kwenye kona za poligoni tu, kisha kuuchanganya polepole katikati, kama mchoraji anavyosambaza rangi kwa kidole. Mwaka 1971 shavu la Sylvie lililainika. Poligoni zilikuwa zilezile; kilichobadilika ni namna ya kuzipaka rangi.

Bado uso huo haukuwa na mng'aro. Kijana wa Kivietinamu, Bui Tuong Phong, mzaliwa wa Hanoi aliyefika Utah baada ya kupitia Ufaransa, aliona upungufu huo. Njia ya Gouraud ilikokotoa mwanga kwenye kona peke yake, kwa hiyo doa dogo jeupe linalotokea juu ya kitu chenye kung'aa liliweza kupotea kabisa likiangukia katikati ya poligoni. Phong aliamua mwanga ukokotolewe kila nukta, akaugawa mara tatu: mwanga hafifu uliozagaa pote, mwanga unaotawanyika kulingana na jinsi kitu kilivyoelekea taa, na lile doa kali la mng'aro. Sehemu hii ya mwisho hakuitoa katika kanuni kamili za fizikia. Aliangalia vitu halisi vinavyong'aa, akatunga hesabu inayoleta sura inayokaribiana navyo. Huo ni uamuzi wa mchoraji: alitaka jicho liridhike, na jicho liliridhika. Alitunukiwa uzamivu mwaka 1973. Makala yake ilichapishwa mwaka 1975, na mwaka huohuo alifariki kwa saratani ya damu akiwa na umri wa miaka 32. Kwa miongo kadhaa baadaye, mipira, vikombe na magari ya kwenye skrini yaling'aa kwa hesabu yake.

Kuhusu magari, darasa la Sutherland lilikuwa na lake. Walihitaji kitu kikubwa, chenye mviringo, na kilicho karibu. Volkswagen Beetle ya familia ya mwalimu ilikuwa imeegeshwa pale nje. Mwaka 1972 wanafunzi waliizunguka na vipimo mkononi, wakatia alama kwenye mwili wake na kuisoma nukta baada ya nukta, mpaka gari zima likawa orodha ya namba. Picha zilizobaki zinawaonyesha vijana wameinama juu ya boneti wakiwa makini, kama mafundi cherehani wanaompima bwana harusi.

Kitu kilichopata maisha marefu kuliko vyote kilitoka jikoni. Martin Newell, Mwingereza aliyekuwa akiandika tasnifu yake, alihitaji umbo jipya la kujaribia programu. Siku moja akinywa chai na mkewe, Sandra, mkewe akapendekeza vyombo vile vilivyokuwa mezani. Newell alichukua karatasi ya mraba, akalitazama buli lao jeupe la Melitta, lililonunuliwa mwaka 1974 katika duka kubwa la ZCMI mjini Salt Lake City, akalichora kwa jicho tu: tumbo, kifuniko, mdomo na mkono. Akaenda maabara akaigeuza michoro hiyo kuwa nukta za kuongozea mikunjo, kwa njia ambayo Mfaransa Pierre Bézier wa kampuni ya Renault aliitumia kubuni mabodi ya magari. Alichora na vikombe na vijiko pia, lakini buli ndilo lililowashinda wenzake wote kwa umaarufu.

Inafaa kueleza kwa nini, maana hapa ndipo ubora wa uchaguzi unapoonekana. Mpira ni mwepesi mno kwa majaribio. Ukiugeuza hauonyeshi tofauti. Buli lina tumbo lililovimba na sehemu zilizobonyea. Mkono wake una uwazi unaokuwezesha kuona kilicho nyuma yake. Mdomo unaweza kuangusha kivuli juu ya tumbo la buli hilohilo, kwa hiyo programu ya vivuli haina pa kujificha. Na hata likiwa halina rangi wala nakshi, mtu yeyote analitambua kutoka upande wowote. Newell hakulipa kitako. Data za mwanzo ziliishia ukingoni, chini pakawa wazi, na wengine ndio waliokuja kuliziba baadaye. Pia buli tunalolijua kwenye skrini ni fupi kuliko lile la kweli. Buli lenyewe limehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho ya Historia ya Kompyuta, Mountain View, California, na anayelitazama hushangaa kuliona refu.

Kuhusu Newell jambo jingine ni kwamba aliwapa wenzake namba zake bila kuwatoza chochote. Watafiti wengi waliogundua njia mpya za kuchora mwanga, kioo au chuma walizijaribu kwenye buli hilo, ili msomaji aweze kulinganisha kazi na kazi. Mwanafunzi wa Nairobi au Dar es Salaam anayefungua programu ya 3ds Max leo atalikuta katika orodha ya maumbo ya kuanzia, pamoja na mpira, sanduku na koni. Watengenezaji wa Toy Story nao waliliweka katika tukio la karamu ya chai.

Sylvie na Sandra hawakuwa wanafunzi, wala majina yao hayatajwi sana vitabuni. Mmoja alitoa uso, mwingine alitoa wazo. Ukiwaondoa hao wawili, unaondoa picha mbili mashuhuri kabisa za kipindi hicho.

Catmull, kwa upande wake, alikuwa na kiu nyingine. Utotoni alitamani kuchora katuni za Disney, akaona kipaji chake cha kuchora kwa mkono hakitoshi, akageukia fizikia na kompyuta. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikwenda Disney na pendekezo la kubadilishana wanafunzi na wachoraji baina ya chuo na kampuni. Hawakulitaka. Badala yake walimpa kazi katika kitengo cha kubuni mabustani yao ya burudani, naye akaikataa. Alimaliza uzamivu mwaka 1974, akapitia New York na kampuni ya Lucasfilm, kisha akawa miongoni mwa waasisi wa Pixar mwaka 1986. Toy Story ilitoka mwaka 1995, filamu ndefu ya kwanza iliyotengenezwa yote kwa kompyuta. Mwaka 2006 Disney iliinunua Pixar kwa dola bilioni 7.4, na Catmull akakabidhiwa urais wa studio zote mbili za katuni.

Njia aliyoitunga mwaka 1978 pamoja na Jim Clark, mhitimu mwingine wa Utah, ya kulainisha umbo kwa kuligawa tena na tena, imo ndani ya Blender, programu ya bure ambayo vijana wengi wa Afrika Mashariki hujifunzia. Na mwaka 2023 Disney ilitoa Kizazi Moto, mkusanyo wa filamu fupi kumi za Kiafrika. Mmoja wa waongozaji ni Raymond Malinga wa Uganda, na mwingine ni Ng'endo Mukii wa Kenya.

Mukii anastahili kutajwa kwa sababu ya kazi aliyoifanya kabla ya hapo, akiwa bado mwanafunzi. Filamu yake ya kuhitimu katika Royal College of Art, London, ni Yellow Fever ya mwaka 2012, inayohusu wanawake wa Kiafrika na shinikizo la kujichubua. Wanafunzi wa Utah walihangaika ili ngozi ing'ae. Yeye aliuliza ngozi hiyo ni ya nani na nani aliamua ipi ni nzuri. Katuni za kompyuta peke yake hazikumtosha. Alizichanganya na michoro ya mkono, miili halisi ya wachezaji na sauti za watu wa familia yake, ili mtazamaji asisahau kwamba anayezungumza ni mtu mwenye nyama na damu.

Ule mkono wa Catmull nao ulitumika katika filamu ya Futureworld ya mwaka 1976, halafu nakala ya ile filamu fupi ya mkono ikakaa miaka mingi nyumbani kwa Robert Ingebretsen, mwenzao wa Utah. Mwaka 2011 mwanawe ndiye aliyeiweka kwenye intaneti, na mwishoni mwa mwaka huohuo Maktaba ya Bunge la Marekani ikaiingiza katika orodha ya filamu za kuhifadhiwa kitaifa, pamoja na Bambi ya Disney. Ilinusurika kwa bahati tu.

Vyuo vyetu visiitegemee bahati hiyo. Kila mwaka wanafunzi wa sanaa na kompyuta wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala wanakabidhi kazi zao, zinasahihishwa, na huenda diski zikafutwa ili kuwapisha wa mwaka unaofuata. Wahadhiri, hifadhini faili hizo, na zaidi ya faili hifadhini karatasi za mraba, vipimo na michoro iliyokataliwa, kisha andikeni pembeni nani alichora nini na kwa nini alikichagua.