Sarafina! kwenye skrini za Eastlands

Sarafina! ni tamthilia ya muziki ya Mbongeni Ngema (1955–2023) wa Afrika Kusini, yenye nyimbo alizotunga pamoja na Hugh Masekela. Inahusu wanafunzi wa Soweto na maandamano ya Juni 1976. Katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, inajulikana zaidi kama filamu kuliko kama mchezo wa jukwaani.

Jukwaani na kwenye kanda

Ilianza kuchezwa Market Theatre, Johannesburg, mwaka 1987, ikavuka hadi New York mwaka huohuo. Kuanzia Januari 1988 hadi Julai 1989 ilichezwa mara 597 katika ukumbi wa Cort, Broadway. Anayetaka kuliona jukwaa lenyewe atafute Voices of Sarafina! (1988) ya Nigel Noble: waigizaji wanaimba mbele ya hadhira, kisha wanazungumzia maisha yao chini ya ubaguzi wa rangi. Ni kazi nzuri ambayo haikutendewa haki, kwani ilifunikwa na filamu ya Darrell James Roodt ya 1992. Humo Leleti Khumalo alirudi kuwa Sarafina, Whoopi Goldberg akawa mwalimu na Miriam Makeba akawa mama yake Sarafina.

Mapokezi Eastlands

Filamu hiyo ilitoka wakati Eastlands ina kidonda kibichi. Tarehe 7 Julai 1990, Saba Saba, polisi walitawanya mkutano wa kudai vyama vingi huko Kamukunji. Siku chache baadaye Nelson Mandela, aliyekuwa ametoka gerezani Februari, alizuru Nairobi. Mtazamaji wa Shauri Moyo hakuhitaji kuelezwa maana ya rungu na gesi ya machozi. Hata Kayole, mtaa mwingine wa Eastlands, kuna kijiji kiitwacho Soweto.

Skrini ya Eastlands ilikuwa kibanda cha video: mabati, mabenchi, pazia mlangoni na spika iliyosikika hadi barabarani, kwa kiingilio cha shilingi chache. Riziki yake ilikuwa filamu za mapigano na za Kihindi, na hizi za Kihindi ndizo zilizowazoesha watazamaji kuona mtu akikatiza mazungumzo ili aimbe. Baadaye wakaja madijei wasimulizi, DJ Afro akivuma kuliko wote, wanaoongea juu ya sauti ya filamu kwa Kiswahili na Sheng. Utamu wa usimulizi huo hauifai tamthilia ya muziki: dijei akifungua mdomo, wimbo umeshapotea.

Kumbi za kijamii

Eastlands ina kumbi zake pia, ila Ukumbi wa Kaloleni, katika mtaa uliojengwa miaka ya 1940, hukumbukwa zaidi kwa siasa kuliko kwa tamthilia.

Hali ya sasa

Kundi la Nairobi Performing Arts Studio limeiigiza Sarafina! katika Kenya National Theatre, ng'ambo ya pili ya jiji, kwa tiketi ambayo si bei ya kibanda. DVD zimeipisha simu. Vibanda vingi siku hizi huonyesha mechi za ligi ya Uingereza.