Kabla Uniulize Laptopu ya Kufinya Video, Sikia Historia ya Kungoja

Kila wiki lazima nipate meseji ya aina hii: "Bro, laptopu gani inafinya video haraka?" Mtu ana video ya harusi ya gigabaiti 12, bando yake ni gigabaiti moja na nusu, na anataka bibi harusi aione YouTube kabla ya kesho. Wengi hutaka niwatumie jina la laptopu moja na bei yake. Ningeweza. Lakini hiyo kasi mnayoulizia ina historia, na ukiijua utaona kwa nini laptopu inayoshinda kwa majaribio ya YouTube inaweza kukuaibisha hapa Kendu Bay.

Tuanze na hesabu kidogo, msikimbie. Video ya kawaida ya siku hizi ina upana wa pikseli 1920 na kimo cha 1080, fremu 25 kila sekunde. Kabla haijafinywa, hata ukishapunguza taarifa za rangi vile video karibu zote hupunguzwa, hiyo kitu inakula karibu megabaiti 78 kila sekunde. Dakika moja ni gigabaiti 4.7 hivi. Flashi ya gigabaiti 16 ingejaa kabla kwaya haijamaliza wimbo wa kwanza. Kwa hivyo kila video uliyowahi kuona kwa simu imefinywa, na kuna mashine mahali fulani iliyoitokea jasho.

Msee wa kushukuru hapa anaitwa Nasir Ahmed, mhandisi mzaliwa wa India aliyekuwa akifundisha chuo kikuu huko Kansas, Marekani. Mwaka 1972 aliomba pesa za utafiti kwa shirika la serikali la sayansi, akanyimwa kwa sababu wazo lake lilionekana rahisi mno. Akaendelea tu. Januari 1974, yeye na wenzake T. Natarajan na K. R. Rao wakachapisha hesabu ya kugawanya picha kuwa mawimbi makubwa na madogo, ndio yale madogo ambayo jicho haliyaoni vizuri yaweze kutupwa. Hesabu hiyo, au watoto wake, ndiyo imejaa ndani ya picha za JPEG na karibu kila video ya simu yako.

Sehemu ya pili ndiyo inachosha kompyuta. Programu inakata kila fremu vipande vipande, kisha inauliza kila kipande: wewe ulikuwa wapi kwa fremu iliyopita? Kikipatikana mahali kilipokuwa, hakuna haja ya kukichora upya, unaandika tu kwamba kimesogea hivi na hivi. Kutafuta huko ndiko kunakula muda. Msee akikaa mbele ya ukuta mweupe akiongea, kazi ni nyepesi, ukuta hausogei. Sasa njoo na kamera hapa gati la Kendu jioni, upepo ukichafua maji ya Nam Lolwe. Kila wimbi limebadilika kabla programu haijalitambua. Ama piga video ya omena zilizoanikwa juu ya nyavu, maelfu ya samaki wadogo wanameremeta kwa jua la saa tano, na wewe unatembea na simu mkononi. Hiyo picha inaua prosesa. Ndiyo maana siamini sana majaribio ya kasi yaliyofanywa na jamaa aliyekaa studio na taa tatu. Alijaribu ukuta.

Kuna siri nyingine, na kwangu hii ndiyo kubwa. Wale wataalamu wa kundi la MPEG, lililoanzishwa 1988, walipanga mambo makusudi ili kufinya kuwe kugumu na kufungua kuwe rahisi. Ilikuwa akili nzuri. Unafinya mara moja, watu milioni wanafungua, basi mzigo mpe yule mmoja. VCD ya 1993 ndiyo ilituletea mpango huo mpaka vijijini. Picha ya pikseli 352 kwa 288, ambayo ikiwa wazi inahitaji kama megabiti 30 kila sekunde, ikabanwa mpaka megabiti 1.15. Dakika 74 zikaingia kwa diski moja. Na kwa sababu kufungua ni rahisi, mashine ya kuicheza ikawa bei ya chini.

Waliozaliwa juzi hamjui vibanda vya video. Benchi za mbao, mapazia meusi, jenereta nje ikilia, muvi ya Wachina na sauti ya DJ Afro akikueleza kila teke kwa Kiswahili chake. Nje kulikuwa na meza za diski, ohangla na benga zikiuzwa kando ya mahubiri. Lakini angalia tulikuwa upande gani. Sisi tulikuwa upande wa kufungua. Mashine za kufinya zilikuwa ng'ambo, ama Nairobi kule River Road ambako muvi za mtaani zilipikwa mpaka pakaitwa Riverwood. Kijiji kizima kingeweza kutazama na mashine moja ya bei ya chini, lakini kutengeneza yako mwenyewe kulihitaji kompyuta ya bei ya ng'ombe kadhaa. Watu husema eti hatukuwa na hadithi. Hadithi zilikuwa nyingi sana, kilichokosekana ni prosesa.

Na hizo prosesa zenyewe zina vituko vyake. Januari 1997 Intel walitoa Pentium yenye MMX, amri mpya 57 za kufanya hesabu ya pikseli kadhaa kwa mpigo mmoja, badala ya moja moja. Kuanzia hapo kasi ikaacha kuwa suala la gigahezi peke yake, ingawa wauzaji waliendelea kutuimbia gigahezi. Pentium 4 ya gigahezi 3 na kitu ilikuwa jina la kutisha kwa saiba yoyote. Ikaja Core 2 Duo, Julai 2006, gigahezi chache kuliko yeye, na ikamwacha mbali kwa kufinya video. Ilifanya kazi nyingi zaidi kwa kila mpigo, na ilikuwa na viini viwili. Hata leo, ukienda Luthuli kununua laptopu iliyotumika Ulaya, bado kuna muuzaji atakwambia gigahezi kwanza. Muulize ni ya mwaka gani na ina viini vingapi, utaona akikuangalia upya.

Upande wa programu kulikuwa na watu waliotupa mali ya bure. Fabrice Bellard, Mfaransa, alianzisha FFmpeg mwaka 2000. Mei 2003 kanuni ya H.264 ikakamilika, na muda si mrefu wakatokea watu wa x264, ambao waliandika sehemu nzito kwa lugha ya prosesa yenyewe ili isipoteze hata mpigo. Mpaka wakaguzi wa kompyuta wakaifanya x264 mizani: prosesa mpya ikitoka, wanaipa video wafinye, wanahesabu fremu kwa sekunde. x264 ina ngazi kumi za mwendo, kutoka ya kukimbia ovyo mpaka ya kujikokota, na ile ya polepole kuliko zote wenyewe waliiita kwa jina la dawa bandia, ile inayokupa matumaini tu. Wajuaji pia huwa na utani.

Fremu kwa sekunde maana yake ni nini kwa maisha yako? Video ya saa moja ina fremu 90,000. Kompyuta inayofinya fremu 200 kwa sekunde inamaliza kwa dakika saba na nusu. Ya fremu 25 inamaliza kwa saa moja kamili. Ya fremu 5, na kompyuta kuukuu nyingi ukizipa ngazi ya polepole huwa hapo, inachukua saa tano. Matanga ya siku moja yana video ya saa nne au tano, basi hiyo ni siku nzima, mchana na usiku, na stima isipotee hata mara moja. Ikipotea saa tisa usiku na betri ya laptopu ilikufa zamani, faili mara nyingi haifunguki na unaanza upya. Wapiga video wa huku nawajua, macho yao mekundu si ya pombe.

Mwaka 2009 nyaya za SEACOM na TEAMS zikafika Mombasa kupitia baharini, na watu wakasema sasa kufinya kumeisha, intaneti ni ya kasi. Uongo. Kilichotokea ni kwamba watu walipata mahali pa kupeleka video, kwa hivyo wakataka kufinya zaidi. Na hapa kuna dhuluma ambayo haisemwi. Mwenye waya wa intaneti kwake pale Kilimani ana pia kompyuta mpya. Anaweza kupandisha faili nene bila kuhisi. Mimi wa bando ndiye nahitaji faili nyembamba kuliko wote, na mimi ndiye niko na mashine dhaifu kuliko wote ya kuipunguza. Anayehitaji kufinya sana ndiye hana cha kufinyia.

Suluhisho la nusu lilikuja kimya kimya. Mwaka 2011 Intel waliweka ndani ya prosesa zao kona maalumu ya kufinya video tu, wakaiita Quick Sync. Mwaka uliofuata Nvidia wakaweka yao kwa kadi za grafiki, NVENC. Simu zilikuwa tayari na kitu kama hicho, kwa sababu bila hicho betri ingeisha kabla hujamaliza kurekodi. Ndiyo maana simu yako ya elfu kumi na tano inaweza kurekodi video iliyofinywa papo hapo, kitu ambacho kompyuta kubwa ya saiba ya zamani ilitaka saa nzima. Chipu hiyo haijui kazi nyingine yoyote, na hiyo moja inaijua kama mvuvi anavyojua nyavu zake.

Hakuna aliyejali sana mpaka 2020. Korona ilipoingia, serikali ikaamuru mazishi yawe na watu 15. Mjaluo na mazishi ya watu 15, hebu fikiria. Kwetu mtu huzikwa na ukoo, na kanisa, na chama, na wale alisoma nao. Watoto wako Nairobi hawawezi kuvuka, wengine wako Marekani na ndege hazitembei. Ghafla wale wapiga video wa matanga wakaambiwa: weka laivu.

Laivu haikubali kungoja. Fremu 25 kila sekunde ama hakuna kitu. Kompyuta ya fremu 5, iliyokuwa na subira ya kufanya kazi usiku mzima, hapa haina maana yoyote. Wakati huo nilikuwa sekondari, shule zimefungwa, na nilisaidia kubeba nyaya kwa mazishi fulani upande wa Karachuonyo. Laptopu ilikuwa ya zamani, OBS ikitumia x264 kama inavyokuja, ngazi ya haraka sana. Padri akiongea, sawa. Watu wakianza kuimba na kusogea kaburini, vumbi likipanda, prosesa inafika mwisho na picha inaganda. Kwenye meseji binti wa marehemu, aliyekuwa ng'ambo, aliandika mara mbili akiuliza kama wameshamshusha. Fundi akahamisha kazi kwa ile kona ya Quick Sync. Picha ikawa na ukungu, mabaka mabaka kwa majani, lakini ikatembea. Binti aliona udongo ukirushwa.

Mtaalamu angekwambia ile picha ilikuwa mbaya, na ni kweli. Chipu za miaka ile ya mwanzo zilikuwa zinakimbia kwa sababu hazitafuti sana. Kwa ukubwa uleule wa faili, x264 ya polepole iliwashinda kwa usafi. Mpya zimejirekebisha sana, lakini desturi ni ileile: haraka, nyembamba, safi, chagua mbili. Kumbuka hata Google walishindwa kuzifinya video zote za YouTube kwa kompyuta za kawaida. Mwaka 2021 walionyesha chipu waliyojitengenezea wenyewe, wakasema inafanya kazi hiyo kwa ufanisi wa mara 20 hadi 33 kuliko mfumo wao wa awali. Na Novemba 2020 Apple walikuwa wameleta M1 ndani ya MacBook Air isiyo na feni hata moja, nayo ikaaibisha madude yanayonguruma kama posho mill.

Sasa rudi kwa laptopu yako. Usiniulize ipi ina kasi, niambie nani anangoja na bando ni ya nani. Kama ni laivu, tafuta mashine yenye chipu ya kufinya, hata iwe prosesa ya kati, ama tumia simu moja kwa moja. Kama ni kazi ya kubaki, video ambayo watoto wa marehemu watatazama miaka ishirini ijayo na kutumiana kwa bando, basi laptopu kuukuu yenye x264 ngazi ya polepole inakutosha, mradi betri iwe nzima na uilaze juu ya meza, si juu ya godoro. Mimi huiacha ikikokota usiku, asubuhi naamka nakuta faili theluthi ya ile ya chipu. Sijawahi kujuta, ingawa marafiki wa chuo nilichoacha mwaka wa pili hunicheka na kompyuta zao mpya.

Kuna kanuni mpya ya bure, AV1, iliyotoka 2018, inayofinya zaidi ya H.264 lakini ikiwa programu tupu inajikokota vibaya sana. Chipu za kuifinya kwa kasi zilianza kuuzwa kwa kompyuta za watu 2022. Hapa bado ni bei ya pikipiki. Zitafika Luthuli zikiwa zimetumika, na stika za ofisi fulani ya Uingereza bado ziko kwa mfuniko, kama zile zote za kwanza. Nimeanza kuweka akiba.