Klarineti Haina Kiimbo

Kuna orodha ya istilahi za muziki inayozunguka mikononi mwa walimu, na ndani yake klarineti imepewa kiimbo. Mwalimu wa fonolojia akiisoma atangoja klarineti imuulize swali. Neno kiimbo lina wenyewe siku nyingi: kwa wanaisimu ni kupanda na kushuka kwa sauti ya msemaji, kule kunakotenganisha "Amefika." na "Amefika?" Mpiga klarineti ambaye sauti zake zinapanda na kushuka pasipotakiwa hatuwezi kumsifu kwamba ana kiimbo.

Waliotunga orodha hiyo, yaelekea, walifungua kamusi ya Kiingereza, wakakuta neno moja, intonation, lenye maana mbili, ya sauti ya msemaji na ya noti kukaa mahali pake, wakaona ya nini kujisumbua. Lau wangechimba kidogo! Neno hilo limetoka katika Kilatini cha kanisa, intonatio, lililotaja maneno ya kwanza ya zaburi anayoyaanzisha kiongozi peke yake kabla ya wenzake kupokea. Ndani yake mna tonus, na nyuma ya tonus kuna tonos ya Kigiriki, yaani mkazo wa uzi, kutokana na teinein, kuvuta. Mzizi wake basi ni kinubi, na klarineti haina uzi hata mmoja wa kukaza. Jina la klarineti lenyewe ni la Kiitaliano, clarinetto, "clarino mdogo", na clarino ilikuwa tarumbeta. Ala ya utete ikabatizwa kwa jina la ala ya shaba kwa sababu sauti zake za juu zilifanana nayo. Wazungu nao huteleza.

Hata hivyo jambo lenyewe, la noti kukaa mahali pake, ni zito, na wanaolitafiti hawalali. Klarineti, ambayo Johann Christoph Denner wa Nuremberg anatajwa kuibuni karibu na mwaka 1700, ni bomba la upana ule ule lililozibwa upande wa utete. Ikilazimishwa kupanda hairuki oktavu moja kama filimbi. Inaruka hadi noti ya kumi na mbili, mitetemo mara tatu. Kwa kipimo cha senti, cha kupimia umbali baina ya noti, alichokieneza Alexander Ellis mwaka 1885, mara tatu kamili ni senti 1902, na piano inataka 1900. Hizo mbili hazimsumbui mtu. Balaa limo katika kitundu kinachofunguliwa na kitufe cha kidole gumba: kimoja tu, kinafungulia safu nzima ya sauti za juu ilhali mahali kilipotobolewa panazifaa noti chache, na juu ya hayo kinatumwa pia kutoa noti ya mwisho ya sauti za kooni, zile zinazotangulia mruko.

Na hizo za kooni ndizo korofi. Mpigaji akijiona amepanda, hukivuta kile kipande kifupi kilicho chini ya kinywa cha ala, tuseme milimita mbili. Noti ya chini kabisa, inayotumia karibu bomba zima, hushuka kidogo. Ya kooni, inayotumia kipande kifupi tu cha juu, hushuka karibu mara tatu ya hapo. Amerekebisha moja, ameharibu nyingine. Hapo ndipo tofauti ilipo baina ya kutyuni, kazi ya dakika moja kabla ya onyesho, na hili jingine lisilokwisha mpaka wimbo uishe.

Hilo jingine mwandishi wa makala haya analiita ulinganio.

Mzizi ni linga, kuweka vitu sambamba ili vipimane. Na katika ngoma, mchezaji anayelinga huchezesha shingo na mabega kufuata mdundo, kwa hiyo muziki umo humo tangu zamani. Kiungo -an- ndicho chenye uzito: noti hailingani peke yake, inalingana na nyingine. Ndiyo maana "usahihi wa toni", pendekezo la bwana mmoja anayependa sana kunukuliwa, halifai. Usahihi upi? Ufaransa mwaka 1859 iliamua kwa sheria kwamba A ni mitetemo 435 kwa sekunde. Leo dunia inafuata 440. Tena noti ya tatu ya kodi kubwa, ili itulie masikioni, hutaka kushushwa senti 14 hivi kutoka mahali pake pa piano, na noti hiyo hiyo ikiwa mzizi wa kodi inayofuata hairuhusiwi kushuka. Sahihi hapa, kosa pale.

Imesemwa katika kikao kimoja, kwa kicheko, kwamba ulinganio unanukia mahubiri kwa kuwa kulingania ni kuita watu katika dini. Waliocheka ndio hao hao wanaoipa klarineti kiimbo bila hata kutabasamu. Klarineti nyingi nzuri huchongwa kwa mpingo wa Tanzania na Msumbiji. Gogo limetoka kwetu, halafu jina la tabia yake tuliazime kwa mkato kutoka ukurasa wa kamusi ya wengine?

Kuhusu matumizi, upesi: "Klarineti hii ina ulinganio mzuri chini, kooni inapanda." Kitenzi ni kulingana. Panda na shuka zibaki kama wanakwaya wanavyozisema kila Jumapili, na kutyuni iachwe ilipo, maana mafundi wa gitaa hawajaomba msaada wa mtu.