Fremu

Fremu ni nomino ya ngeli ya I-/ZI-, iliyotoholewa kutoka Kiingereza. Kwa seremala ni mbao zinazoshika mlango au dirisha. Kwa mfanyabiashara wa Dar es Salaam ni chumba cha duka cha kupangisha. Kwa mhariri wa video, fremu ni picha mnato moja kati ya nyingi zinazofuatana, na idadi yake kwa sekunde huitwa kasi ya fremu.

Sinema hutumia fremu 24 kwa sekunde. Televisheni za Afrika Mashariki zilirithi 25, za Marekani 29.97, na simu nyingi hurekodi 30. Tatizo huanza vipande vya kasi tofauti vinapounganishwa, kama video ya harusi iliyopigwa kwa kamera na simu. Kipande cha 25 kikiwekwa kwenye mradi wa 30, kwa kawaida programu hurudia fremu moja katika kila tano. Kamera inapozungushwa kumfuata bibi harusi, picha huonekana ikishtukashtuka. Kipande cha 60 hakina tabu humo: fremu moja hutumika, inayofuata huachwa, au zote hutumika na mwendo hupungua kwa nusu.

Simu nyingi pia hubadilisha kasi katikati ya kurekodi, hata sauti ikaachana na midomo. Kipande cha namna hiyo hugeuzwa kwanza kiwe na kasi moja. Kasi ya mradi nayo huchaguliwa kabla ya kukata chochote, kwa kufuata ile yenye vipande vingi zaidi.