Asiyekula Nyama Ni Mtu wa Namna Gani?

Waingereza wana mazoea ya zamani ya kumpimia hulka mtu anayekataa nyama kwa hiari yake. Mwaka 1937 mwandishi George Orwell, katika kitabu chake The Road to Wigan Pier, aliwatia walaji wa mboga kapu moja na wavaa makubazi na wanywa maji ya matunda, akawaona kuwa watu walio tayari kujitenga na binadamu wenzao ilmradi waongeze miaka michache ya kuishi. Siku hizi wanasaikolojia wanauliza swali lilelile kwa adabu zaidi. Wanagawa dodoso, kisha wanatafuta kama asiyekula nyama ni mpenda mambo mapya, mwenye huruma au mwenye wasiwasi mwingi. Historia ya kutokula nyama nchini Uingereza inatoa jibu ambalo dodoso haliwezi kulifikia kwa urahisi: wengi wa walioacha nyama na kudumu na uamuzi wao walikuwa na watu wa kula nao. Hulka ilikuwa na sehemu yake, lakini ni sehemu ndogo kuliko inavyodaiwa.

Tuanze na Salford, mji wa viwanda ulio ubavuni mwa Manchester. Mwaka 1809 mchungaji William Cowherd aliwataka washarika wake waache nyama na pombe, na kundi hilo likajulikana kama Bible Christian Church. Tangu hapo kutokula nyama kukawa sharti la usharika, likiwabana wapole na wakali, wadadisi na wasiojali. Sharti la namna hiyo halidumu kwa mahubiri matupu. Lazima mtu ajue cha kuweka mezani siku ya Jumapili mahali palipozoea kuwekwa pande la nyama ya kuoka. Ndiyo maana Martha Brotherton, mmoja wa washarika hao, alianza mwaka 1812 kuchapisha kitabu cha mapishi ya mboga. Mumewe Joseph akawa mchungaji wa kanisa hilo, na kuanzia 1832 hadi kifo chake mwaka 1857 alikuwa mbunge wa Salford. Mtu anayepigiwa kura na mji mmoja kwa robo karne ni vigumu kumwita mkimbia watu. Ni yeye aliyeongoza mkutano wa Ramsgate wa Septemba 1847 ulioanzisha Vegetarian Society, na rais wa kwanza wa chama hicho, James Simpson, alitoka kanisa hilohilo.

Ushahidi wa wazi zaidi unatoka kwa Mohandas Gandhi, kwa kuwa yeye alisimulia mwenyewe katika tawasifu yake. Alilelewa Gujarat, India, katika nyumba ya Wahindu wasiogusa nyama. Akiwa kijana kule Rajkot, rafiki yake alimshawishi kwamba Waingereza wanawatawala Wahindi kwa nguvu zitokanazo na nyama, naye akala nyama ya mbuzi kwa siri, mara chache katika muda wa kama mwaka mmoja. Mwaka 1888, kabla ya kwenda London kusomea sheria, alimwekea mama yake nadhiri ya kutogusa nyama. Huko akashinda na njaa: spinachi, mkate na jemu, na aibu ya kuomba mkate zaidi. Alitembea maili nyingi kwa siku akitafuta pa kula, hadi akafika mkahawa wa walaji wa mboga karibu na Farringdon Street. Dirishani kando ya mlango palikuwa na vitabu vya kuuza. Alinunua kijitabu cha Henry Salt, A Plea for Vegetarianism, kwa shilingi moja, kisha akaingia ndani akala akashiba, kwa mara ya kwanza tangu afike Uingereza. Baadaye aliingia katika kamati ya chama cha walaji wa mboga cha London, ambako haya zilimzidi hata hoja aliyoiandika ikabidi asomewe na mtu mwingine.

Mtu atasema kwamba kisa hiki kinathibitisha nguvu ya hulka, maana asiye mkaidi angeshindwa na njaa ile. Lakini huyo mkaidi ndiye aliyekula mbuzi Rajkot. Mtu ni yuleyule. Kilichobadilika ni nani aliyekuwa karibu naye na ni nani aliyemwekea ahadi. Pingamizi lenye uzito zaidi ni la watangulizi, wale walioacha nyama wakati jamii nzima inawacheka. Mshairi Percy Shelley, aliyefukuzwa Oxford mwaka 1811 kwa kijitabu cha kutetea ukanaji Mungu, alichapisha A Vindication of Natural Diet mwaka 1813, na uasi wake hauna ubishi. Hata hivyo, yeye naye alikuwa na baraza lake: John Frank Newton, aliyekwisha kuandika juu ya ulaji huo mwaka 1811, pamoja na jamaa na marafiki waliokula kwa mtindo uleule.

Tafiti zinazoona kwamba walaji wa mboga wa nchi za Magharibi wanavutiwa zaidi na mambo mapya nazo hazina haja ya kukanushwa. Zinapima watu wanaoishi mahali ambapo nyama ndiyo desturi, na yeyote anayeiacha desturi ataonekana mpenda mapya. Kwa Wajaini wa Gujarat, ambao dini yao inakataza nyama, kipimo hicho hakiambui kitu, kwa kuwa mtoto huikuta sahani isiyo na nyama kama anavyoikuta lugha ya mama. Waliohamia Nairobi na Mombasa walikuja na dengu, chapati na jumuiya zao, na miongoni mwao wamo waoga na wajasiri, wabishi na wanyamavu.

Kwa hiyo hulka husaidia kueleza nani anatangulia. Haielezi nani anabaki. Donald Watson na wenzake walielekea kulijua hilo mwaka 1944, walipoanzisha Vegan Society kwa ajili ya wasiotumia hata maziwa na mayai. Walikuwa wachache, na kazi yao ya kwanza ilikuwa kutoa jarida la kuwaunganisha.