Shinkolobwe: mawe yalisafiri, wakaaji wakafukuzwa

Likasi, Haut-Katanga – Kilomita kama 20 magharibi ya mji wa Likasi, katika teritwari ya Kambove, kuna mahali ambapo jina lake linajulikana na wapenda mawe wa dunia nzima. Mahali hapo ni Shinkolobwe. Katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani kuna mawe meusi na ya manjano yaliyofungiwa ndani ya vioo, na kwenye karatasi ndogo iliyobandikwa pembeni limeandikwa jina hilo. Lakini kijiji chenyewe kilivunjwa mwaka wa 2004, na waliokuwa wakiishi pale wakatawanyika.

Kinachowavuta wapenda mawe hao ni fuwele. Fuwele ni jiwe lililokua polepole chini ya ardhi mpaka likapata pande laini na kona kali, kama limechongwa na fundi. Uraniumu ni madini ambayo kwa kawaida hayatoi fuwele za kuonekana vizuri. Sehemu nyingi za dunia huonekana kama kinyesi cha chuma, jiwe jeusi lisilo na umbo. Shinkolobwe ilitoa fuwele nyeusi zenye umbo la sanduku, nyingine zikifikia sentimita kadhaa kila upande, na nzito mno kuliko mtu anavyotazamia.

Wataalamu wa miamba wanaeleza hivi: zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, maji ya moto yenye uraniumu yalipita katika nyufa za miamba ya Katanga, yakaacha madini hayo humo. Baadaye maji ya mvua na hewa vilishuka toka juu, vikaligeuza jiwe jeusi kuwa la manjano, la rangi ya chungwa na la kijani. Ndiyo maana Shinkolobwe peke yake ilitoa aina nyingi za mawe ambazo zilikuwa hazijaonekana popote duniani.

Historia ya kazi pale inaanzia mwaka wa 1915, wakati Mwingereza Robert Rich Sharp, aliyekuwa akitafuta madini kwa ajili ya kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, alipoyatambua mawe hayo. Uchimbaji ulianza mwaka wa 1921. Wakati ule hakuna aliyefikiria bomu. Kilichotafutwa kilikuwa radiumu, iliyotumiwa na waganga kutibu saratani, na ambayo gramu moja tu iliuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Wafanyakazi wa Kongo walichimba na kuchagua mawe kwa mikono, jiwe kwa jiwe. Mawe yakapelekwa kwa gari-moshi na kwa meli mpaka Olen, nchini Ubelgiji, ambako kiwanda kilianza kutoa radiumu mwaka wa 1922. Kwa muda mfupi Ubelgiji ikawa muuzaji mkubwa wa radiumu duniani, na migodi ya Marekani iliyokuwa ikiongoza ikashindwa bei.

Katika miaka hiyohiyo mawe mapya yalipewa majina. Curiti, mwaka wa 1921, ilichukua jina la mwanasayansi wa Ufaransa Pierre Curie. Becquereliti, mwaka wa 1922, ilichukua jina la Henri Becquerel. Sklodowskiti, mwaka wa 1924, ilipewa jina la kuzaliwa la Marie Curie. Mwaka wa 1938 ikaja sharpiti, kwa heshima ya Sharp mwenyewe. Katika orodha hii jina la Kongo liko moja tu, kasoliti, lililotoka kwa Kasolo, jina lingine la mahali pale. Aliyeinama shimoni na kuliokota jiwe kwa mara ya kwanza hakuandikwa.

Mwaka wa 1937 mgodi ulifungwa na maji yakaujaza. Vita ya pili ya dunia ilipoanza, mkubwa wa kampuni, Edgar Sengier, aliogopa kwamba mawe hayo yangeangukia mikononi mwa Wajerumani. Mwaka wa 1940 alituma tani zipatazo 1,200 mpaka New York, zikawekwa ndani ya ghala kwenye kisiwa cha Staten Island. Mwezi wa Septemba 1942, kanali wa jeshi la Marekani, Kenneth Nichols, alimwendea na kuzinunua. Mawe mazuri ya Shinkolobwe yalikuwa na oksidi ya uraniumu kufikia asilimia 65, wakati migodi mingi ya kwingine haifikii hata asilimia moja. Wamarekani wakasaidia kuyaondoa maji, na mgodi ukafunguliwa tena kwa siri. Sehemu kubwa ya uraniumu ya bomu lililoangushwa Hiroshima, Japani, tarehe 6 Agosti 1945, ilitoka katika ardhi hii ya Katanga.

Mwaka wa 1960, Kongo ilipokaribia kupata uhuru, Wabelgiji waliufunga mgodi na kuziba mashimo yake kwa simenti. Lakini simenti haikuziba njaa. Kazi za Gécamines ziliporudi nyuma na mishahara ikakosa kulipwa, watu wengi wa Likasi na vijiji vya jirani walishika sururu na koleo. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1990, maelfu ya wachimbaji wadogo, wanaoitwa kwa Kifaransa creuseurs, walikuwa Shinkolobwe. Hawakutafuta uraniumu. Walitafuta kobalti, iliyokuwa na wanunuzi. Ila pale madini hayo mawili yanakaa pamoja, na mfuko wa kobalti ulibeba pia vumbi la uraniumu.

Mwezi wa Januari 2004, rais Joseph Kabila alitoa amri ya kukataza uchimbaji pale. Watu waliendelea. Mwezi wa Julai mwaka huohuo ardhi iliporomoka na kuua wachimbaji wasiopungua 8. Hapo serikali ikatumia nguvu, wachimbaji wakaondolewa na kijiji kikavunjwa. Timu ya Umoja wa Mataifa iliyofika baadaye ilikuta mashimo yaliyo tayari kuporomoka tena. Hatari ilikuwa ya kweli, hakuna wa kubisha. Lakini kumwondoa mtu kwenye hatari ni jambo moja, kumpa pa kukaa na kazi ya kufanya ni jambo lingine. Familia zilizotoka pale zilianza upya kwa jasho lao, na nyingine zilifuata kobalti kwenye mashimo mengine.

Kwa familia hizo, na kwa yeyote aliye na jiwe la Shinkolobwe nyumbani kama ukumbusho, kuna jambo la kujua. Uzuri wake usimdanganye mtu. Jiwe hilo linatoa miali isiyoonekana, pamoja na hewa iitwayo radoni, isiyo na harufu wala rangi, ambayo ikijaa chumbani inaweza kuleta saratani ya mapafu. Jiwe la namna hiyo halilazwi ndani ya nyumba, halisagwi, halijengewi ukuta, na watoto hawalichezei. Katika majumba ya makumbusho linawekwa nyuma ya kioo, mahali penye hewa ya kupita.

Kitu kingine ambacho bado kinaweza kuokolewa ni kumbukumbu. Makaratasi ya Union Minière yamehifadhiwa Brussels, na mawe yenyewe yapo, mengine katika jumba la makumbusho la Afrika la Tervuren. Habari za waliochimba haziko huko. Ziko kwa wazee wa Likasi na Kambove: nani alikuwa kapita wa kundi, mshahara ulikuwa kiasi gani, nani aliugua baada ya kazi, nyumba ya nani ilisimama wapi kabla ya mwaka wa 2004. Kijana mwenye simu anaweza kukaa na babu yake mchana mmoja na kuirekodi sauti yake. Wazee waliofanya kazi pale kabla ya 1960 wamebaki wachache.