Nani alimwibia nani? Kisa cha madirisha yanayolaliana

Juzi mteja alinitumia picha ya skrini ya programu fulani akaniambia, "Kijana, nitengenezee kama hii. Si ni kuiga tu?" Kisha akataka bei ishuke. Nikakumbuka ubishi wetu wa chuoni: Microsoft waliwaibia Apple, Apple waliwaibia Xerox, kelele hadi usiku. Hakuna kati yetu aliyemtaja Bill Atkinson.

Desemba 1979, Steve Jobs na wahandisi wake walitembelea maabara ya Xerox PARC kule Palo Alto, California. Hawakuruka ua, jamani. Xerox walikuwa wamepewa nafasi ya kununua hisa za Apple za dola milioni 1 kabla hazijauzwa kwa umma. Wageni walionyeshwa Alto, kompyuta ya mwaka 1973, ikiendesha Smalltalk: kipanya, menyu, na madirisha yaliyolaliana kama karatasi mezani.

Atkinson alikuwemo. Alitoka pale akiamini ameona madirisha yakijichora yenyewe hata yakiwa yamefunikwa nusu. Kama umewahi kuandika programu ya michoro unajua ugumu wake. Dirisha la chini likibadilika, kompyuta lazima ijue ni sehemu gani zinaonekana, ichore hizo tu, isichafue la juu. Na sehemu hizo zinaweza kuwa na umbo la ajabu ajabu. Ukichora kila kitu upya, mashine inakuwa kobe. Ukihifadhi picha ya kila dirisha, memori inakwisha, na Macintosh ya 1984 ilikuwa na kilobaiti 128 pekee!

Alihangaika nalo mpaka akapata njia: umbo lolote lihifadhiwe kwa kuandika tu mahali mipaka yake inapobadilika, mstari kwa mstari, ili kompyuta iweze kutoa umbo moja ndani ya jingine haraka. Hicho ndicho kikawa kiini cha QuickDraw, ndani ya Lisa (1983) na Macintosh.

Baadaye ndipo ikajulikana kwamba Smalltalk aliyoiona haikuwa na uwezo huo. Programu haikuweza kuchora ndani ya dirisha lililofunikwa nusu, na ilibidi ulibofye dirisha ndipo lijichore upya. Yaani Atkinson "aliiga" kitu ambacho hakikuwepo.

Sisemi Xerox wasipewe heshima yao. Wazo la madirisha kulaliana lilikuwa lao, na kipanya chenyewe Douglas Engelbart alikionyesha hadharani tangu 1968. Ila Apple nao walipowashtaki Microsoft mwaka 1988, walijisahau kidogo. Windows ya kwanza, ya 1985, ilipanga madirisha ubavu kwa ubavu kama vigae. Ya pili, ya 1987, ndiyo iliyoyalaza moja juu ya jingine. Apple waliorodhesha vitu 189, mahakama ikaona 179 tayari viko ndani ya leseni waliyowapa Microsoft mwaka 1985. Vilivyobaki vingi vilihusu madirisha hayo hayo, na Apple wakashindwa. Kesi ile ilikuwa juu ya sura ya skrini. Hesabu za Atkinson zilikuwa chini yake, mahali ambapo picha ya skrini haifiki.

Mteja nimemtumia bei ile ile. Bado hajajibu.